Nimeficha Kipande cha Pikipiki Ili Mwanangu Asiache Kuja

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na naomba usinicheke kabla hujafika mwisho. Mimi ni mjane wa miaka sitini na tatu, naishi kijiji kimoja cha vilima vya Vysočina, na tangu mwanzo wa Februari namwibia mwanangu wa kumzaa. Si pesa. Ni kipande cha chuma kidogo kuliko ukucha wa kidole changu cha mwisho, na kwa ajili yake silali vizuri, na nikilala naota.

Marehemu mume wangu, Oldřich, alikuwa na pikipiki aina ya Jawa ya mwaka hamsini na moja, rangi ya cheri zilizoiva, ndiyo iliyotupeleka fungate, mimi nyuma nimemkumbatia na sanduku limefungwa kwa kamba. Kila mwaka tarehe mbili Novemba, tukishatoka makaburini kuwawashia mishumaa marehemu wetu, alikuwa akivaa ovaroli na kuanza kuifungua, mwaka huu magurudumu, mwaka mwingine injini, hata kama haikuwa na ubaya wowote, maana alisema majira yetu ya baridi ni marefu mno kwa mtu mwenye mikono mizima. Mwaka jana akatangaza kwamba umefika mwaka wa kuifungua yote. Akaifungua mpaka haikubaki nati juu ya nati, kila kitu akakitia kwenye chupa za jemu na kukibandikia karatasi, karakana yake pale nyuma ya nyumba ikawa kama stoo yangu ya matunda, ila badala ya plamu kuna skrubu. Wiki mbili baadaye akamaliza supu yake ya kitunguu saumu, akaegemea kiti karibu na jiko, akaondoka bila kuniaga.

Sasa nikueleze habari za mwanangu Radim. Yeye ni fundi wa lifti kule mjini Brno, mwendo wa saa mbili barabara ikiwa na theluji. Miaka tisa iliyopita alikuwa akimsaidia baba yake na injini hiyohiyo, akagonga silinda kwa nyundo mahali pasipogongwa, pezi moja la kupoozea injini likakatika. Oldřich alimwambia, mbele yangu, kwamba mikono yake ni ya kuvunja, si ya kutengeneza. Radim aliweka spana mezani polepole sana, akavaa koti. Tangu siku hiyo akawa mtu wa kuja Krismasi tu, anakula samaki, anatazama saa, anaondoka, na baba yake naye anajifanya ana shughuli na redio, na mimi katikati nagawa saladi ya viazi kwa watu wawili wasiotazamana.

Siku ya mazishi alikwenda karakana kutafuta viti vya wageni, hakurudi. Nikamfuata nikamkuta amesimama na koti lake jeusi anasoma karatasi za baba yake. Nikasoma naye. Moja ilisema, “Skrubu za kifuniko cha kushoto. Ziko sita. Ukihesabu tano, ya sita iko chini ya meza, piga magoti.” Nyingine, “Springi ya klachi. Usijifanye una nguvu.” Radim akacheka mpaka machozi yakamtoka, halafu yakaendelea kutoka baada ya kicheko kuisha, akaniambia, “Mama, tuifunge hii.”

Basi akaanza kuja kila Jumamosi. Mshauri, sijui nikuelezeeje baridi hii, nimekaa ndani yake kama mtu aliyekaa ndani ya usingizi mtamu, nje theluji imefunika hata uzio, ndani jiko la kuni linanong'ona, mimi nashika tochi na yeye ananiambia, “Hapa, mama, chini kidogo, hapohapo.” Nimejifunza kupaka grisi. Nimejifunza kwamba beringi haiingii kwenye nyumba yake kwa ubishi, unaiweka dirishani kwenye theluji inywee, na ile nyumba ya injini unaipasha moto kwenye oveni ya jikoni, kisha beringi inatumbukia yenyewe bila hata kuguswa na nyundo. Siku ya kwanza ilipotumbukia hivyo Radim aliitazama nyundo iliyolala mezani, nikajua anafikiria nini. Biskuti zangu za Krismasi zilinukia mafuta ya injini na tukazila zote. Sehemu nyingine za pikipiki tuliziosha kwa petroli kwenye beseni la kuogea, tukasahau kabisa kwamba samaki wa Krismasi ndiye mwenye beseni hilo kila Desemba, hata nilipomleta karpi kutoka sokoni yuko hai ikabidi akae siku tatu kwenye pipa la maji ya mvua, Radim akawa anamsalimia kila akipita na kumwomba radhi.

Usiku wa Krismasi tuliweka magamba ya samaki chini ya sahani kama kawaida, na langu nikalitia kwenye pochi, kwenye kile kimfuko cha ndani, likae mwaka mzima livute pesa.

Halafu ikaja Jumamosi ya kwanza ya Februari. Injini ilikuwa karibu kwisha. Radim alifuta mikono akasema, “Wiki mbili tu, mama, utaisikia inanguruma. Halafu nitakuacha upumzike, nimekusumbua baridi nzima.” Alisema kwa wema. Akachukua jagi akaenda baa kutuletea bia ya chakula cha mchana. Nikabaki peke yangu na chupa za jemu, na iliyokuwa mbele yangu ilikuwa na kabari moja ya nusu mwezi, ile inayolishika gurudumu la mnyororo kwenye shafti ya injini, maana bila hiyo injini itazunguka weee na pikipiki haitakwenda popote. Oldřich alikuwa ameandika, “Moja tu. Usiipoteze, mjinga wewe.” Nilisikia hatua za Radim zikipungua kwenye theluji. Mkono wangu ukaenda. Nikaitia kwenye pochi, nyuma ya gamba la samaki, nikaenda kukata mkate.

Aliporudi aliitafuta mpaka bia ikaisha povu. Akapiga magoti, akamulika chini ya meza, akachambua majivu. Mwishowe akakaa sakafuni akasema, “Labda nimeiangusha mimi. Baba alikuwa anajua mikono yangu.” Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Sikusema. Nilimwambia tutaitafuta Jumamosi ijayo.

Na kweli akaja, na iliyofuata, na iliyofuata. Ile ya tatu hakuwa na sarafu, nikamwambia achukue pochi yangu kwenye rafu kama nilivyokuwa nikimwambia baba yake, na alipokwisha kutoka ndipo nikakumbuka kilichomo, nikakaa nasubiri kama mtuhumiwa. Akarudi na jagi, akaniambia tu, “Mama, gamba lako limepasuka. Krismasi ijayo nitakuwekea jipya.” Nikashukuru kwamba hakuchungulia zaidi. Siku hizi wala hajilaumu tena, anatafuta huku anapiga mluzi, anahamisha chupa kutoka rafu hii kwenda ile, halafu tunakula, tunazungumza mpaka jua linashuka nyuma ya msitu, amenieleza mambo ya miaka tisa ambayo sikuyajua, hata kwamba aliwahi kupanga kuoa.

Lakini theluji inayeyuka. Jumapili ya kwanza baada ya Pasaka padri anabariki pikipiki kule kanisani juu ya kilima, Oldřich hakuwahi kukosa, na kijiji kizima kinatuuliza. Jirani yetu Bohouš amechungulia dirishani juzi akasema, “Hivi hiyo pikipiki mnaitengeneza au mnaiatamia?” Radim akamjibu kwamba ikianguliwa atapewa kifaranga. Mimi sikuweza kucheka.

Na ndoto ni hiyo moja. Beseni la kuogea limejaa maji safi, karpi anazunguka taratibu, mdomoni ana ile nusu mwezi inang'aa, na Oldřich amekaa ukingoni na ovaroli yake, miguu imo majini. Hanigombezi. Ananiambia, “Moja tu, Květa. Niliandika.” Nanyoosha mkono, samaki anakwenda upande wa pili, na mimi ndotoni nafurahi kwamba hakamatiki.

Nifanye nini? Nikiitupa chini ya meza ataiona, ataifunga, atapiga kiki mara tatu na pikipiki itamchukua mpaka Brno, nami nitabaki na chupa tupu. Nikiendelea kuificha, nitakuwa mama gani?

Květa wa Vysočina

Mama Květa,

Utakuwa mama mwizi, na jina hilo umejipa mwenyewe, kwa hiyo nisipoteze wino hapo. Pole kwa kufiwa. Pole pia kwa zile Krismasi tisa za kugawa saladi kati ya wanaume wawili wakaidi, maana naona hakuna aliyewahi kukupa pole kwa hilo.

Sasa nikugombeze. Kuchukua kabari si kosa kubwa. Kosa lako ni ile dakika mwanao alipokaa sakafuni akasema baba alikuwa anajua mikono yake, na wewe ukiwa na ushahidi ndani ya pochi kwamba mikono hiyo haijaangusha kitu, ukamwacha ayabebe tena maneno yaliyomfukuza nyumbani. Ulitaka abaki, ukamrudishia kilekile kilichomwondoa. Hilo utamwomba msamaha kwa mdomo wako, usimpikie chakula kizuri ukadhani umemaliza.

Nikishakugombeza, nikwambie jambo ambalo umeliandika mwenyewe bila kulisoma.

Nilimpigia simu fundi mmoja ninayemfahamu, nikamuuliza kabari ya nusu mwezi inapatikana wapi. Akacheka. Kitu hicho kiko kila duka la beringi, na Brno maduka hayo yapo. Zaidi ya hapo, akaniambia, mtu anayetengeneza lifti hakosi kopo zima la kabari kwenye gari lake. Sasa nieleze, mama, kwa nini fundi wa lifti amepiga magoti Jumamosi baada ya Jumamosi kutafuta kitu anachoweza kukinunua akiwa njiani kuja kwako? Utasema alitaka ileile ya baba yake. Kwa Jumamosi mbili za kwanza nitakukubalia.

Lakini Jumamosi ya tatu ulimpa pochi. Gamba la samaki likishakauka huwezi kujua kama limepasuka mpaka ulitoe kwenye kimfuko na kuliangalia kwenye mwanga, na ukilitoa, kilicho nyuma yake kinakutazama. Unasema hakuchungulia. Alichungulia, mama. Akakirudisha mahali pake, akalirudisha na gamba juu yake, akanunua bia, akaja kukuahidi Krismasi ijayo. Na tangu siku hiyo, kwa maneno yako mwenyewe, hajilaumu tena na anapiga mluzi. Mtu anayetafuta kitu kilichopotea hapigi mluzi akihamisha chupa rafu kwa rafu. Huyo anapitisha muda na mama yake.

Kwa hiyo mchezo huu mnaucheza wawili, na anayedanganywa ni wewe. Umalize.

Jumamosi hii, akishika jagi, mpe pochi. Mwambie aangalie nyuma ya gamba kabla hajatoka. Usilie kwanza, sema kwanza. Mwambie hakuiangusha yeye, na mwambie kwamba siku ile ya silinda baba yake alikosea na wewe ulikosea kwa kunyamaza. Kabari aifunge yeye, na wewe ushike tochi kama ulivyojifunza. Kisha tafuta helmeti inayokaa kichwani kwako, maana Jumapili ile ya baraka hutabaki getini kupunga mkono. Sehemu ya nyuma ya pikipiki hiyo unaifahamu tangu fungate. Bohouš atasema neno, mwache aseme.

Tena acha kuogopa kwamba itakwisha. Pikipiki ya mwaka hamsini na moja haijawahi kwisha duniani. Tarehe mbili Novemba mkitoka makaburini, wekeni chupa mezani muifungue, na safari hii karatasi ziandike wewe. Beseni mwachie samaki.

Mwanao akikuuliza kwa nini uliificha, usitafute hadithi. Mwambie, “Nilitaka uendelee kuja.” Jibu lake usilisubiri, umeshalipata, maana amekuwa akiendesha gari saa mbili kwenye theluji kuja kutafuta kitu anachojua kilipo.

Mshauri wako,
Vlasta