Mate ya Papa Kwenye Friji ya Polisi

Jumatano, 26 Machi 2025

Papa amekamatwa. Papa yangu, fundi seremala anayeomba radhi hata kwa msumari alioupinda! Jenereta ya duka la dawa imeibwa, na mlangoni polisi wameokota kijiti cha mswaki kilichotafunwa. Mtaa mzima unajua nani hutafuna vijiti hapa. Mama huviokota hadi ndani ya viatu.

Ni chake kweli. Juzi alitengeneza mlango uleule. Amewaambia. Wamemjibu kwamba basi anaujua vizuri.

Ndoa yangu na Feruzi ni Ijumaa ijayo, tarehe 4. Wa kuniozesha ni Papa. Naogopa.

Alhamisi, 27 Machi

Nimempelekea nguo. Inspekta Hubert — mpole, shati limembana tumbo — alinieleza kanuni mpya wanazojaribu. Aliyekamatwa tu huombwa mate ya kupima DNA, kwa ridhaa yake; akiachiwa, yanaharibiwa. Aliyehukumiwa haombwi, yanachukuliwa na kuwekwa. Ni pamba tu, inapitishwa ndani ya shavu.

Papa kakataa. Ni Ramadhani, amefunga. Na anayasema hayo kijiti kikiwa mdomoni!

— Musiwaki ni suna, alisema. Pamba ya polisi haiko suna.

Yaani kijiti siku nzima sawa, pamba mara moja hapana. Inspekta akangoja magharibi. Papa akafuturu tende, akasukutua, akafumba macho kama mtoto anayepewa kwinini, akafungua mdomo. Bahasha yenye ile pamba ikaingia kwenye friji, nyuma ya soda za inspekta, kungoja ndege ya Kinshasa.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Mama alimpelekea sahani ya pilau. Ilirudi tupu, na ujumbe kwamba chumvi haikutosha. Nilicheka mpaka nikalia.

Sheikh anasema Papa anaweza kumpa uwakili tonton, ndugu yake, aniozeshe. Papa amejibu kwamba yeye bado hajafa.

Jumatano, 2 Aprili

Mwizi amepatikana! Huko Banalia, akiiuza jenereta. Amekiri. Papa yuko huru. Tulikwenda kumchukua, mimi, Mama na Feruzi.

Hatoki.

Ameketi kwenye benchi la mapokezi, anadai mate yake. Kanuni inasema yaharibiwe, na inspekta anakubali kabisa. Ila kanuni haikusema nani ayaharibu. Mkubwa wake anasema ni kazi ya mwendesha mashtaka. Kwa mwendesha mashtaka wanasema ni kazi ya maabara. Maabara iko Kinshasa na haijayaona hayo mate.

— Bon, Papa Mahmoudi, enda nyumba, alibembeleza inspekta. Tutaitupa.

— Alors, tupa sasa. Niko naangalia.

Njiani Feruzi aliniuliza kama ukaidi huu unarithiwa. Nikamwambia akapime.

Alhamisi, 3 Aprili

Bado yuko benchini. Mama amempelekea mto.

Ijumaa, 4 Aprili

Naandika hapahapa kituoni. Hina mikononi, gauni nimelikunja magotini lisiguse sakafu. Sala ya Ijumaa imekwisha, wanatungoja msikitini. Nilikuja kugomba na nimegomba. Nimemwambia anajali mate kuliko mtoto wake.

Akatoa kijiti mdomoni. Papa hatoi kijiti kwa ajili ya mtu yeyote.

— Fatouma, nilitengeneza milango ya nusu ya muji. Vijiti yangu iko kila fasi. Kila mwizi akipita kwa mulango yangu, watafungua ile friji. Bon, mi ni muzee, wanifunge. Lakini ile mate, nusu ni yako. Na utazala watoto. Siwezi kukuozesha huku nakuacha mule ndani, pamoja na wezi.

Nimeketi kando yake. Nilidhani ni ukaidi tu, na muda wote alikuwa ananilinda mimi. Nampenda mzee huyu, ananichosha.

Feruzi amepiga simu. Nimemwambia amlete sheikh hapa, benchi lina nafasi.

Inspekta Hubert alisikia yote. Amempigia mkubwa wake, hapokei. Akapiga tena. Sasa amesimama mbele ya friji na ameifungua. Ametoa soda moja, akaiweka mezani. Ya pili. Labda ana kiu tu.

Ya tatu. Papa bado hajarudisha kijiti mdomoni.