Jibu Nililompa Daktari

Jumanne asubuhi, Katubuka. Mvua imekatika na jua limetoka kali. Kwa miaka sita nimeficha jibu moja nililompa daktari, na kifua changu hiki hakitanipa muda mrefu wa kuendelea kulificha.

Ninaandika kwenye ukurasa wangu wa mtandaoni, nikiwa uani. Mkwe wangu, Zawadi, ndiye hunileta hapa kila siku. Hunishika kwapani, huniketisha, hunifunika miguu kwa kanga yake. "Jua limefika, Baba. Leo usilikimbie," hunitania.

Hajui neno hilo linavyonichoma.

Au anajua.

Zawadi alitoka Burundi na wazazi wake, akaolewa na mwanangu Idi, anayefanya kazi kwenye meli za mizigo. Mimba zake mbili za kwanza zilitoka. Ya tatu ilipoingia, niliagiza asionekane na macho ya watu hadi ajifungue, kisha akae ndani mpaka arobaini ziishe. Mimi, niliyefundisha baiolojia maisha yangu yote, niliyeandika ubaoni kwamba ngozi hutengeneza vitamini D kwa mwanga wa jua, nilifunga hata mapazia. Niliogopa kumpoteza mjukuu wa tatu.

Akazaliwa Baraka. Siku ya nane, akiwa mikononi mwangu, mkono wake mdogo ulianza kupiga-piga, kisha mguu, macho yakaganda upande mmoja. Tukamkimbiza hospitali. Dawa ya degedege haikumtuliza. Damu ilipopimwa, kalsiamu ilikuwa chini sana. Wakampa kalsiamu kwa dripu, polepole, na ile mitetemo ikaisha. Nililia mbele za watu.

Baraka ni mzima. Sasa hivi anakimbiza kuku hapa mbele yangu.

Lakini nyumbani dada yangu Mwajuma alikuwa ameshaamua: "Hicho ni kifafa cha kwao. Wamekuja nacho kwenye mabegi yao." Watu wakacheka. Mimi nikanyamaza. Tangu hapo, Baraka akipata homa kidogo tu, macho yote humgeukia mama yake.

Ya jana ndiyo yaliyonishinda. Zawadi ni mjamzito tena, na Mwajuma alisema mbele yetu sote, "Safari hii afungiwe vizuri zaidi. Kaka, si wewe unayejua kumlinda?" Zawadi akainamisha kichwa. Asubuhi hii amenitoa nje kama kawaida, akanifunika miguu, kisha yeye mwenyewe akarudi ndani na kushusha pazia.

Idi, mwanangu, najua hunisoma hapa mtandaoni ukiwa bandarini. Mke wako hana kifafa, na kwao hakipo. Mama asiyepata vitamini D hana ya kumpa mtoto tumboni, na mtoto asipokuwa nayo, kalsiamu yake hushuka. Ni hilo tu. Mpeleke kliniki, mwelezeni daktari kila kitu, apewe anachohitaji. Na akae nami hapa uani, juani.

Siku ile hospitalini, daktari alimuuliza Zawadi kama alikuwa akipata jua wakati wa ujauzito. Kwa heshima, Zawadi alinitazama mimi kwanza.

Nikasema, "Kila siku, daktari."

Ufunguo wa mlango wa uani ulikuwa mfukoni mwangu.