Boila Iliyowaka Moto wa Njano

Tottenham, London

Mama yangu,

Shikamoo. Magoti yako yanaendeleaje na baridi ya huko Njombe? Na Baba, kikohozi kimemwachia? Mimi sasa ni mzima. Nimeandika “sasa” kwa makusudi, maana kuna jambo sikutaka kukueleza kwenye simu, ungeanza kulia kabla sijafika mwisho.

Unakumbuka nilikwambia naishi na Mama Furaha, yule mjane Mkongo. Huku nyumba yetu ina boila, mtambo wa gesi unaochemsha maji na kupasha vyumba joto. Ni ya zamani, imefungwa ukutani jikoni, na ina kidirisha cha kuchungulia moto. Baridi ilipoingia ikaanza kunguruma kama sufuria ya maharage yaliyokaukiwa maji. Ukuta juu yake ukaota masizi. Tukayafuta, yakarudi. Na ule moto, uliokuwa wa bluu, ukageuka njano.

Tulimpigia mwenye nyumba. “Fungueni madirisha, fundi atakuja,” akasema. Fundi hakuonekana.

Vichwa vikaanza kutuuma. Mama Furaha akadhani ni presha yake. Mimi nikasema ni uchovu, maana kazi yangu ya kutunza wazee, kuwainua kutwa nzima, si mchezo. Ila nikifika kazini kichwa kinapoa, nikirudi nyumbani kinaanza upya. Siku moja nikiwa kwenye basi nikakumbuka ulivyotufokea tulipoingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga mlango: “Mnataka niwazike?” Niliposhuka nikakimbia hadi nyumbani.

Nilimkuta Mama Furaha amekaa sakafuni jikoni, ametapika.

“Mama, inuka tutoke nje.”

“Acha nilale kidogo, mwanangu. Kichwa iko inaniuma sana.”

“Hulali hapa!”

Nikazima boila, nikafungua mlango, nikamkokota hadi nje. Nilipotoa simu kuita watu wa dharura ya gesi, akanishika mkono.

“Usibaite. Mwenye nyumba atatufukuza.”

Amekimbia vita, Mama. Kufukuzwa anakujua.

“Akitufukuza tutaondoka tukiwa hai,” nikamwambia, nikapiga.

Fundi wao alipovuka kizingiti tu, kipimo chake kikalia. Akafunga gesi yote. Alisema bomba la kutolea moshi limeziba, na sumu yake haina rangi wala harufu. Wengi huuawa nayo usingizini. Mama Furaha akapelekwa hospitali, akawekewa oksijeni. Nilikaa kando ya kitanda chake nikiwa na hofu ambayo sikuwa nayo hata siku ile nilipopanda ndege kuwaacha.

Amepona. Mwenye nyumba hakutufukuza; alikuja kichwa chini, akaweka boila mpya. Kabla ya hapo tulilala na makoti. Sasa kuna king’ora ukutani cha kugundua ile gesi, na Mama Furaha hukijaribu kila Jumapili kabla ya kwenda kanisani, hadi majirani wamechoka.

Msalimie Baba, dada na wanawe, na shangazi wa dukani.

Mama Furaha ameniomba namba yako. Anasema aliyemtoa nje ana mama aliyemlea, kwa hiyo lazima akushukuru kwa mdomo wake mwenyewe. Kiswahili chake kitakuchekesha kidogo. Atalia pia, mvumilie.

Binti yako,
Neema