Stika ya Chuo Ambacho Hakijajibu

Mpendwa Bi. Odette,

Nakuomba unijibu kabla ya tarehe tano Januari, maana baada ya hapo hata ukinijibu haitasaidia kitu, na tafadhali usichapishe jina langu, kwa sababu mji wetu ni mdogo na kila mtu anasoma safu yako ya gazetini, hata wale wanaojifanya hawaisomi.

Nina binti mmoja, Corinne, miaka kumi na saba, yuko mwaka wa mwisho katika shule ya serikali hapa mjini, na jirani yangu wa nyumba ya tatu, Meredith, ana kijana wa umri huohuo, Tobias, anayesoma ile shule ya binafsi ya kilimani. Watoto hawa wamekua pamoja, wameambukizana tetekuwanga na kuazimana baiskeli, na mimi na Meredith tulikuwa tunakunywa kahawa jikoni kwangu bila hata kuchana nywele, mpaka walipofika darasa la tisa Tobias akapelekwa kilimani, na tangu hapo, sijui ni mimi au ni yeye, nikienda kwake nabadilisha viatu.

Mwaka huu wa maombi ya vyuo ndio umenimaliza kabisa. Kilimani wana mshauri wa vyuo mwenye watoto thelathini tu, anapigiwa simu hata Jumapili na anapokea, wakati wa kwetu ana watoto mia nne na mara mbili amemwita Corinne kwa jina la mtoto mwingine. Mwanzoni mwa Desemba Meredith aliandaa ile hafla yake ya kubadilishana biskuti za Krismasi, na baba mmoja wa kilimani akaniuliza binti yangu anasoma wapi, nikamwambia, akainamisha kichwa upande akasema, "Safi sana. Vyuo siku hizi vinawapenda watoto wa huko," kana kwamba Corinne ni mbwa aliyeokotwa barabarani, na wenzake wakatikisa vichwa kwa huruma, nami nikabaki nimesimama na sahani ya biskuti nilizooka mwenyewe, wakati za wengi wao zilitoka dukani, nikitamani sakafu ipasuke niingie.

Sasa kosa langu. Oktoba tulikwenda kutembelea Chuo cha Wexcombe, ambacho Corinne anakitaka kuliko vyote, na pale kwenye duka lao nikanunua stika ya kioo cha nyuma cha gari, mume wangu Lyle akaniambia niitunze mpaka majibu yatoke, nikaitunza. Hapa kwetu hakuna mtu anayebandika stika ya chuo kabla mtoto hajakubaliwa, haijaandikwa popote lakini kila mzazi anajua, kioo cha nyuma ndilo tangazo lenyewe. Na Corinne hakuomba awamu ya mapema, kwa sababu ukikubaliwa mapema umefungwa, lazima uende, na watu kama sisi tunahitaji kwanza kuona kila chuo kitatupunguzia ada kiasi gani ndipo tuchague, kwa hiyo ameomba awamu ya kawaida na majibu yake ni mwisho wa Machi. Basi katikati ya Desemba majibu ya mapema yakatoka, na asubuhi iliyofuata maegesho ya supamaketi yalikuwa yamejaa stika mpya za watu wa kilimani, nikakaa ndani ya gari nikizitazama moja moja, halafu nikafungua kile kisanduku cha mbele, nikatoa ya kwangu, nikashuka, nikaibandika. Nilijua ninachofanya, Bi. Odette. Kioo nilikifuta kwanza.

Corinne alipoiona alisema, "Mama, itoe," nikamwambia ni ya kututia moyo tu, na kuanzia siku hiyo mpaka shule zinafungwa alikuwa akishukia kwenye kona ya posta, akiona heri atembee kwenye theluji hadi shuleni kuliko kuonekana akitoka ndani ya gari letu.

Hayo ningeyavumilia. Lakini siku tatu kabla ya Krismasi Meredith alikuja jikoni kwangu, mara ya kwanza baada ya muda mrefu, macho mekundu, akanikumbatia, akasema ameiona stika na anamfurahia Corinne kwa moyo wote. Kisha akanieleza kwamba Tobias amekataliwa na chuo chake cha kwanza, na kwamba alikuwa amepanga kuomba Wexcombe katika awamu ya pili ya mapema, ile inayofungwa tarehe tano Januari, ila sasa wameacha, kwa sababu mshauri wao amewaambia chuo kidogo namna ile hakitachukua wawili kutoka mtaa mmoja, na amemwelekeza chuo kingine huko Ohio ambacho Tobias hakipendi hata kidogo, na akikubaliwa huko naye atakuwa amefungwa. "Corinne ametangulia, na anastahili," akasema. "Niambie tu, mlifanyaje? Maana sisi tumefanya kila kitu." Nikamjibu, "Tunashukuru tu." Nikamwongezea kahawa.

Nikisema ukweli, kilimani kote watajua kwamba mama wa shule ya serikali amejibandikia chuo, na atakayechekwa ni Corinne ambaye hana kosa, na nikinyamaza, labda Machi Corinne atakubaliwa kweli na hakutakuwa na uongo wowote, na pia Tobias asipoomba huenda ikawa nafuu kidogo kwa Corinne, sijui, sisemi kwamba hiyo ndiyo sababu. Naogopa, Bi. Odette. Niitoe stika kimyakimya nisubiri Machi, au nifanye nini?

Mama wa Gari la Bluu

*

Mama wa Gari la Bluu,

Barua yako nimeipitisha mbele ya nyingine kumi na moja, na wenyewe watanisamehe. Gazetini haitatoka, maana majina yote yamo; nakujibu kwa barua, na unasoma haya tarehe mbili. Bado siku tatu.

Kwanza pole. Yule baba wa biskuti hana adabu. Mimi nimesomesha wawili katika shule ya serikali na hiyo "safi sana" naifahamu, nimeipokea kwenye harusi, kwenye mazishi na mara moja kwa daktari wa meno nikiwa nimefungua mdomo. Inauma. Hukujitungia hilo.

Sasa tuje kwako. Rudi kwenye barua yako, usome pale ulipoandika kwamba Tobias asipoomba huenda ikawa nafuu kidogo kwa Corinne. Hakuna aliyekuuliza. Neno hilo uliliweka mwenyewe, halafu ukakimbilia kulifunika. Sikuhukumu kwa kulifikiria, mzazi yeyote mwezi huu anafikiria mabaya kuliko hayo. Ila usiniambie unanyamaza kwa ajili ya kumkinga binti yako na kicheko.

Stika ilikuwa upuuzi, na upuuzi wa vyuo nimeuona mwingi. Kuna bwana aliniandikia aliyenunulia ukoo mzima fulana za chuo, mpaka bibi, kisha barua ya kukataliwa ikaja. Mambo kama hayo mtu hucheka yakapita. Kosa lako lilifanyika jikoni, pale ulipomwongezea mwenzio kahawa. Na tazama ulimfanyia nani. Miaka minne unaamini Meredith anakutazama kutoka juu, unabadilisha viatu kwa ajili yake, na siku aliyokuja kwako analia, yeye mwenye mshauri wa Jumapili, akakuuliza wewe mlifanyaje, ukampa maneno ya kadi ya Krismasi. Alikuwa na hofu ileile uliyo nayo, dada yangu. Ulikuwa na nafasi ya kumwambia.

Kama mshauri wao yuko sahihi kuhusu wawili wa mtaa mmoja au anabahatisha, mimi sijui. Wewe pia hujui. Ndiyo maana uamuzi si wako. Kijana anakaribia kujifunga miaka minne mahali asipopapenda kwa sababu ya kioo cha gari lako, na ana haki ya kuamua akiwa anajua ukweli.

Najua unachoogopa zaidi, ingawa hukukiandika. Inawezekana Tobias akaomba, akaingia, na Corinne asiingie. Inawezekana kabisa. Hilo litakuuma kila utakapopita nyumba ya tatu, na dawa yake sina. Lakini Corinne atajua alikosa kwa haki. Akipata nafasi halafu siku moja akagundua mama yake alimnyamazia Tobias, mtoto aliyeambukizana naye tetekuwanga, hatashukia kwenye kona ya posta tu. Atashukia mbali zaidi.

Kwa hiyo fanya hivi, leo. Mwambie Corinne unakwenda wapi na kwa nini. Akitaka kufuatana nawe, mwache. Vaa viatu vyovyote vilivyo mlangoni. Usipige simu, wala usitume ujumbe. Ukifunguliwa mlango useme hivi: "Corinne hajakubaliwa, hajajibiwa hata. Nilibandika stika kwa sababu niliona aibu, na nilikudanganya jikoni kwangu. Tobias aombe." Kisha nyamaza. Usitaje biskuti, usimtaje yule baba, usieleze ilivyo kuwa mzazi wa shule ya serikali. Hayo yana siku yake, na Meredith akikualika ndani huenda siku yenyewe ikawa leo. Akikufungia mlango usoni, utakuwa umestahili. Tobias bado atakuwa na siku zake tatu.

Na stika? Inatoka kwa maji ya moto na wembe, dakika kumi hazifiki. Najua utatamani kuanza nayo, maana kioo hakitakuuliza kitu. Usianze nayo. Nenda kwanza nyumba ya tatu. Kioo hakina tarehe tano.

Odette