Gari Lililorudishwa Mtaroni

Tinde, Juni 1954

Kwa kaka yangu mheshimiwa Thobias, mgodini Geita,

Shikamoo. Kwa heshima na taadhima nakuarifu kwamba sisi sote tu wazima, mtama umekubali, na gari lako lilitumbukia mtaroni nilipokuwa nikimrudisha shangazi Limi kutoka sokoni. Hakuna aliyeumia, ila taa zimevunjika na boneti imekunjamana.

Nilikwenda Shinyanga kutoa taarifa polisi na kwa wakala wa bima. Wakala akanionya, "Lisisogezwe kabla hatujalipima, la sivyo bima haitalitengeneza." Niliporejea, nililikuta uani! Vijana wa kikundi cha kulima walikuwa wamelibeba kwa nyimbo, kwa kutuhurumia.

Nikawaeleza onyo la wakala, kaka. Shangazi akawaambia, "Mlilolileta, lirudisheni!" Wakalibeba tena, ngoma ikitangulia.

Kesho yake inspekta wa polisi alifika pamoja na wakala. Sikuthubutu kuwadanganya, nikaeleza yote kwa utaratibu. Wakala akanuna. "Nitajuaje kwamba liliangukia hapa?"

"Vioo vya taa hivyo hapo chini," shangazi akamjibu. "Nami nilikuwa ndani, mwanangu. Niingie tena uone nilivyokaa?"

Naye akaingia, akajilaza ubavu, akapiga yowe lile lile la siku ya ajali. Inspekta alicheka hadi akashika mti. Wakala mwenyewe akashindwa kununa. Akapima, akatia sahihi. Gari lako litatengenezwa.

Vijana walipolibeba tena hadi nyumbani, inspekta alivua koti akabeba upande wa nyuma. Wimbo hakuujua, lakini aliitikia.

Ni mimi mdogo wako mtiifu,
Pantaleo