Uzazi wa Mzee Wiebren

Utrecht, 4 Machi

Shikamoo Baba,
U hali gani? Mguu je? Mimi mzima, ila nina hasira. Jirani yako Froukje kaniambia sindano zako za kisukari zimejaa kwenye friji, hujagusa hata moja. Umedunga ng'ombe miaka arobaini, leo yako waikimbia?

Kile kipande cha utumbo ulichokatwa hospitalini, ukatia sahihi nipewe, nakikuza maabara. Kimeota vijiutumbo vidogo kama punje za mtama. Nangoja seli changa ndani yake zigeuke seli za kutoa homoni, ile inayoliambia kongosho: mzee kala, toa insulini. Dawa yako inaiga homoni hiyo hiyo. Jidunge, Baba.

Binti yako, Jeltje

Makkum, 11 Machi

Mwanangu Jeltje,
Marahaba. Mguu una ganzi kama kawaida. Froukje ni mmbea. Siogopi sindano, ng'ombe akichakaa hatibiwi, anauzwa, na mimi nimechakaa. Haya, tuwekeane sharti: utumbo wangu ukizaa hata seli moja ya homoni, najidunga. Usipozaa, niacheni nile keki yangu kwa amani.

Baba yako, Wiebren

Utrecht, 29 Aprili

Shikamoo Baba,
Hujambo? Nisamehe kimya. Mara mbili zilitoka seli za kufyonza chakula tu, nikalia. Kumbe seli jirani huzuiana zisigeuke. Tukazituliza kwa dawa, na leo asubuhi zimewaka kijani kwenye darubini, alama ya seli za homoni: kumi na nne! Tukazipa sukari, zikatoa homoni. Hatujamponya mtu, safari bado ndefu. Lakini hujachakaa, Baba. Umezaa!

Jeltje wako

Makkum, 2 Mei

Mwanangu,
Marahaba mara kumi na nne. Sijambo kabisa. Nimesimika uwanjani korongo wa mbao, yule ndege wa kutangazia uzazi huku kwetu, na kibao: "Kumi na nne, wote wazima."

Froukje kaja mbio na soksi za kichanga. "Jeltje kajifungua lini, nyie wasiri?"

"Si Jeltje. Ni mimi."

"Wiebren, umekunywa nini asubuhi yote hii?"

Nikamweleza, tukacheka hadi mbavu zikauma. Kisha nikatoa sindano, nikamkabidhi yeye. Haya, nasema: naogopa, tangu zamani. Froukje akanibana kama ndama, akanidunga yeye. Haikuuma.

Jeltje, mimi nilidhani nimekwisha. Sikutaka ujue.

Baba yako