Riwaya ya Shemeji

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti lako limeacha kukununia kila unapopanda ngazi. Mimi sijambo. Mwezi uliopita daktari alinitoa mtoto wa jicho, kulia kwanza kisha kushoto, na sasa naona vumbi ambalo kwa miaka mingi nilidhani sina. Nyumba ya mzee anayeishi peke yake, ukiiona vizuri, inatia aibu.

Najua habari hii ya macho umeingoja kuliko mimi. Kwa miaka ishirini na saba umenisihi nisome riwaya ya mumeo. Niliposema kazi ni nyingi, ulinijibu kwamba hata punda hupumzika. Nilipostaafu nikasingizia macho, ukasema utanitafutia mtu wa kunisomea. Sasa mtoto wa jicho ametoka, na kisingizio kimemfuata.

Halafu tazama mambo. Muuguzi aliyekuwa akinitia matone, binti anayesema lugha yetu, aliniuliza kama nimesoma ile riwaya ya ghala la milango. Alisema chuoni kwao walikuwa na nakala moja tu, tena ya kurudufu, na kila aliyeimaliza aliandika jina lake nyuma ili anayefuata ajue wa kumlaumu akikosa usingizi. Nikamwambia mwandishi ni shemeji yangu. Akasahau matone. Akataka kujua ni mtu wa namna gani. Nikasema namjua kwa simu tu, na kwa simu hashindwi ubishi. Akauliza ni sehemu gani niliyoipenda zaidi. Nilipokiri kwamba sijafungua hata ukurasa, aliniambia, kwa heshima zote, babu, hiyo ni aibu.

Nakala uliyonitumia ilikuwa kabatini, chini ya mablanketi. Nikaitoa, nikaiweka mezani, na kwa siku tatu nikala nikiwa nimeipa mgongo. Utacheka, mzee mzima kuogopa karatasi. Lakini kuna jambo ambalo sijawahi kukwambia.

Unakumbuka kazi yangu ya mwisho kabla sijaondoka nyumbani kuja huku ughaibuni, ya kusoma miswada kwa ajili ya mchapishaji. Ililetwa ikiwa na namba tu, majina yameondolewa, nami niliandika maoni bila kutia sahihi. Wiki ile ya mwisho nilikuwa na miswada tisa mezani, na akili yangu yote ilikuwa kwenye sanduku na hati za safari. Mmoja ulianza na mlinzi wa ghala anayehesabu milango iliyong'olewa kwenye nyumba zilizobomolewa: wa kijani, wa bati, wa kioo kilichopasuka. Nilifika kwenye mlango wa buluu, nikachoka. Nikaandika kwamba mwandishi huyu anajua milango kuliko anavyojua watu, mswada haufai.

Miaka mitatu baadaye ukaniandikia kwamba umeolewa na mwandishi, na kwamba mswada wake wa kwanza ulikataliwa kwa sentensi ambayo ameibandika ukutani, huitukana kila asubuhi kabla ya chai. Ukainukuu. Mdogo wangu, ilikuwa yangu. Nilimhukumu mumeo kwa kurasa kumi na mbili kati ya mia tatu.

Ndiyo maana sikusoma. Kitabu kikiwa kibaya, ningelazimika kukudanganya. Kikiwa kizuri, ningejua nilichotaka kukizika. Siku ya nne nikakifungua. Nikaupita mlango wa buluu, na katika aya inayofuata, ile ile inayofuata, mwanamke anaingia ghalani, anavua viatu, anaomba aonyeshwe mlango wa nyumba aliyozaliwa. Watu niliowadai walikuwa aya moja tu mbele yangu! Kuanzia hapo hawaachi kuja, kila mmoja na mlango wake, nami niliyefunga wangu miaka thelathini na nne iliyopita nikajikuta nimesimama nao kwenye foleni.

Nilikimaliza jana, nikakaa kitini nikipumua kama mtu aliyetua mzigo. Kumbe sikukiua. Kilinipita pembeni, kikapata mchapishaji mwingine, kikaenda kwa wauguzi na wanachuo bila kuniuliza. Kosa langu lilikuwa kubwa, lakini mimi nilikuwa mdogo mno kulitimiza, na sijui kama mzee anaweza kupata habari njema kuliko hiyo.

Nisalimie wanao na wajukuu, na uniwie radhi kwa ukimya huu mrefu. Shemeji simpelekei salamu. Mpe barua yenyewe aisome. Najua kuna mahali atataka kuichana. Ukae karibu naye, umshike mkono, umwambie kaka yako anamwomba asiishie njiani.

Ni mimi,
Kaka yako